Kanuni Ziandikwe Kabla Betri Hazijafika

Safu ya wasomaji: Umeme na Mji

Barua za mwezi huu karibu zote zimegusa jambo moja, nalo ni betri kubwa za kuhifadhia umeme wa jua na upepo ndani ya miji. Kabla ya kushika safu hii nilikaa miaka mingi kwenye meza ya vibali ya halmashauri, nikipitia michoro ya mitambo ya umeme, na hili ndilo jambo ninaloliwaza kuliko mengine yote. Barua mbili za kwanza nimezijibu kwa urefu. Nyingine nimezijibu kadiri zilivyohitaji.

Mhandisi, salaam. Mimi ni diwani. Kampuni moja imeomba kiwanja karibu na kituo cha kupozea umeme iweke makontena kumi na mawili ya betri. Ofisa mipango miji mmoja anasema hilo ni ghala, mwenzake anasema ni kiwanda, na zimamoto wanasema hawajawahi kupitisha kitu kama hicho. Faili limelala. Na sisi tulishapitisha azimio kwamba jiji liongeze umeme jadidifu. Tuanzie wapi?

Mheshimiwa Diwani, faili lenu halijalala kwa sababu maofisa ni wazembe. Sheria ndogo za mipango miji mahali pengi ziliandikwa zama ambazo mtambo wa umeme ama ulizalisha au ulisambaza. Hakukuwa na mtambo unaopokea umeme mchana na kuurudisha jioni. Ofisa anapekua kanuni, hapati kifungu cha kusimamia, na ofisa mwangalifu asiye na kifungu hasaini. Hata mimi nisingesaini.

Kazi ya mtambo huo ni hii. Paneli za sola huzalisha kwa wingi katikati ya mchana, ilhali matumizi hupanda jua likizama, watu wanaporudi nyumbani na kuwasha taa, majiko na viyoyozi. Paneli zikiwa chache, hakuna tatizo. Zikishakuwa nyingi, mwendesha gridi hulazimika kuamuru baadhi zizimwe adhuhuri kwa kukosa pa kuupeleka umeme wake, kisha usiku ukiingia awashe mitambo ya gesi au dizeli. Betri za lithiamu huuchukua ule umeme wa adhuhuri na kuutoa jioni, kwa kawaida kwa saa mbili hadi nne mfululizo. Kati ya kila kilowati saa 100 zinazoingia, takribani 85 hutoka. Zilizobaki hupotea, nyingi zikiwa joto. Bei nazo zimeporomoka: mwaka 2010 pakiti ya betri iligharimu zaidi ya dola 1,000 za Marekani kwa kila kilowati saa ya uwezo, na mwaka 2024 kampuni ya utafiti ya BloombergNEF ilipata wastani wa dola 115. Ndiyo maana maombi kama hilo lenu yatazidi kuja, na kikwazo kikubwa kimehama kutoka kwenye bei hadi kwenye meza zenu.

Tazama yaliyoikuta New York. Mwaka 2016 jiji lile lilitangaza lengo la kuwa na hifadhi ya megawati saa 100 ifikapo 2020. Lilikuwa lengo zuri na lilisifiwa. Lakini majengo ya kule yamebanana, na kikosi cha zimamoto kina mamlaka ya kuzuia mtambo kisioridhika nao. Kanuni maalumu ya zimamoto kwa betri zinazowekwa nje ya majengo ilitoka 2019. Vifungu vya matumizi ya ardhi vilivyozibana betri, hasa kwenye maeneo ya makazi, viliondolewa Desemba 2023, baraza la jiji lilipopitisha marekebisho yanayoitwa City of Yes for Carbon Neutrality. Hesabu mwenyewe miaka kati ya tangazo na ruhusa. Lengo la 2020 lilipita bila kutimizwa, na si kwa sababu betri zilikosekana sokoni.

Kwa hiyo anzeni na kanuni, na muiandike mkiwa wanne: mipango miji, zimamoto, shirika la umeme na mwanasheria wa halmashauri. Nasisitiza zimamoto. Wasiitwe mwishoni kugonga muhuri kwenye kitu kilichoamuliwa na wengine. Ndio watakaosimama mbele ya kontena siku likitoa moshi, na wakishiriki kuandika masharti, hawatakuwa na sababu ya kuyahofia.

Kanuni iseme waziwazi kwamba hifadhi ya umeme ni matumizi ya ardhi yanayojitegemea. Igawe mitambo kwa ukubwa. Betri ya ukutani ya nyumba moja ipite kwa fomu fupi na ukaguzi mmoja. Ya jengo la ofisi au hospitali ipitishwe na ofisa, pasipo kuletwa kikaoni, mradi imetimiza masharti yaliyoandikwa. Makontena kama ya mwombaji wenu yaje barazani na wakazi wasikilizwe. Kisha kila ngazi ipewe idadi ya siku ambazo jiji lazima liwe limejibu, iwe ndiyo au hapana. Hili la siku huonekana dogo kwa mtu aliye ofisini. Kwa mwombaji aliyekopa benki, kila mwezi faili linapolala kuna riba inayotembea, na gharama hiyo hatimaye inaingia kwenye bei ya umeme wa wakazi wenu.

Katika masharti yenyewe, kelele husahaulika mara nyingi. Nimesimama usiku kwenye uzio wa kituo cha betri kikiwa kinatoa umeme. Betri zenyewe hazina sauti. Kinachosikika ni feni za kupooza na inveta, mvumo mwembamba usiopanda wala kushuka. Mchana magari huufunika na hakuna anayeujali. Usiku mtaa ukishatulia, mtu ambaye dirisha lake linatazama huko hapati usingizi, na yuko sahihi kulalamika. Andikeni kiwango cha desibeli kinachoruhusiwa usiku kwenye mpaka wa kiwanja, na mwombaji alete hesabu za sauti pamoja na mchoro. Kugeuza upande wa feni au kuongeza ukuta wa kuzuia sauti ni kazi ndogo kontena likiwa bado kwenye karatasi. Likishafungwa kwenye zege, mtaingia kwenye kesi.

Kuna pia siku ya kuondolewa. Mitambo hii hutarajiwa kudumu miaka 15 hadi 20 hivi, na kampuni iliyoomba leo inaweza isiwepo wakati huo. Daini dhamana ya benki tangu mwanzo, itoshe kung'oa kila kitu na kukipeleka kwenye urejelezaji, na kiasi chake kipitiwe upya kila baada ya miaka michache.

Kiwanja chenyewe mwombaji amekichagua vizuri. Karibu na kituo cha kupozea umeme nyaya huwa fupi na upotevu hupungua. Ila msingoje kila mwombaji aje na kiwanja anachokitaka yeye. Kaeni na shirika la umeme mchore ramani ya mahali ambapo transfoma zina nafasi na mahali ambapo zinaelemewa jioni, kisha muiweke hadharani. Uingereza ilibadili sheria Desemba 2020, mitambo ya betri inayozidi megawati 50 ikaondolewa kwenye mlolongo wa vibali vya kitaifa na kukabidhiwa mamlaka za mipango za maeneo. Maombi ya mitambo mikubwa yaliongezeka haraka baada ya hapo. Mlango ukifunguliwa, watu huingia. Ramani ndiyo itakayowaelekeza waingilie wapi.

Shikamoo mama mhandisi. Nasikia jiji litaweka betri kwenye kiwanja cha mtaa wa pili kutoka kwangu, na kuna shule jirani. Nimeona picha za betri zikiungua Marekani, watu wakihamishwa majumbani. Niambie ukweli: nikubali au nikatae?

Marahaba. Hofu yako ina msingi, na yeyote atakayekujibu kwamba betri hizi haziungui hakutakii mema.

Seli ya lithiamu ikiharibika, kwa kasoro ya kiwandani, kwa kugongwa au kwa kuchajiwa kupita kiasi, inaweza kuingia kwenye hali ambayo joto lake hujiongeza lenyewe. Hutoa gesi zinazowaka na zenye sumu, na joto lake huifikia seli ya jirani, nayo ikaanza hivyohivyo. Maji hayauzimi moto huu upesi. Kazi yake kubwa ni kupooza vilivyo pembeni ili moto usisambae.

Ulichokiona pengine ni moto wa Moss Landing, California, wa tarehe 16 Januari 2025. Watu zaidi ya 1,000 waliamriwa kuondoka majumbani. Zingatia mambo mawili kuhusu mtambo ule. Betri zilikuwa nyingi mno ndani ya jengo moja, ukumbi wa zamani wa mitambo ya kuzalisha umeme. Na zilikuwa za aina ya nikeli, manganisi na kobalti, ambayo hufikia joto la hatari mapema kuliko aina ya chuma na fosfeti. Moto ulipoanza haukuwa na mahali pa kukomea.

Linganisha na moto wa karibu na Geelong, Australia, Julai 2021. Mtambo mpya wa makontena zaidi ya 200 ulikuwa kwenye majaribio. Kimiminika cha kupooza kilivuja ndani ya kontena moja, na kwa kuwa kontena hilo lilikuwa limezimwa kwa ufunguo, mifumo ya kulifuatilia na kulikinga haikuwa ikifanya kazi. Likaungua, na moto ukashika la jirani yake. Wazimamoto waliyaacha hayo mawili yamalizike huku wakipooza yaliyo pembeni, na siku ya nne wakatangaza kwamba wameudhibiti. Yote mengine yalibaki salama. Yalikuwa nje, yametenganishwa, na hewa ilikuwa wazi.

La tatu ndilo linaloniumiza zaidi. Tarehe 19 Aprili 2019, mjini Surprise, Arizona, mtambo mdogo wa megawati 2 ulianza kutoa moshi. Mfumo wa kuzima moto ulimwaga dawa yake kama ulivyopangwa. Lakini seli ziliendelea kutoa gesi ndani ya kibanda kilichofungwa, na waliokuwa nje hawakuwa na kifaa cha kuwaonyesha hali ya ndani. Walipofungua mlango, gesi ililipuka. Wazimamoto kadhaa walijeruhiwa, baadhi yao vibaya sana.

Mitambo inayouzwa sasa imebadilika kwa sababu ya ajali hizi. Makontena mengi mapya hayana mlango wa mtu kuingia. Unafungua milango ya ubavuni na kukutana na betri moja kwa moja, safu juu ya safu, nyaya za rangi ya chungwa nene kama kidole gumba, na mabomba ya kimiminika cha kupooza yakipita kando ya kila safu. Juu ya paa kuna vifuniko vilivyotengenezwa vifunguke vyenyewe, ili gesi ikilipuka nguvu yake iende angani, isielekee usoni mwa mtu. Taasisi ya utafiti wa umeme ya Marekani, EPRI, ambayo huweka kumbukumbu za ajali hizi duniani, ilionyesha pamoja na wenzake kwamba matukio kwa kila kiasi cha betri zilizowekwa yalipungua kwa asilimia 97 kati ya 2018 na 2023.

Nenda kwenye kikao cha wakazi na usiende na jibu tayari. Nenda na maswali. Uliza betri ni za aina gani. Uliza kama makontena yatakaa nje na yametenganishwa kwa umbali gani, na kama mtengenezaji ana ripoti ya jaribio la kuunguza la UL 9540A, ambapo seli hulazimishwa kuwaka kwa makusudi ili ionekane kama moto utafika kwenye kontena la jirani. Uliza kama kuna kisoma gesi ambacho wazimamoto wataweza kukisoma wakiwa nje ya uzio. Uliza upepo huelekea wapi kwa kawaida, na shule itafanya nini siku moshi ukielekea huko. Omba kuona mpango wa dharura wenye namba ya mtu atakayepokea simu usiku wa manane, na uulize kama kikosi cha zimamoto kimewahi kufanya mazoezi kwenye kiwanja hicho.

Mimi ningekubali makontena ya aina ya chuma na fosfeti, yaliyo nje, yaliyotenganishwa kwa umbali uliothibitishwa na jaribio, huku zimamoto wakiwa wameshiriki tangu mchoro wa kwanza. Ningekataa betri zilizorundikwa ndani ya jengo moja karibu na makazi, kwa ahadi yoyote ile. Na ningekataa mwombaji yeyote anayesema ripoti ya jaribio ni siri ya biashara. Kwenye meza ya vibali nilikuwa nikirudisha faili la namna hiyo siku hiyohiyo.

Mhandisi, mimi ni fundi wa sola. Kibali cha paneli tu napata ndani ya wiki. Nikiongeza betri ya nyumbani, faili linapita idara tatu na mteja anaghairi. Kuna mahali wamelitatua hili?

Wapo, kaka. Marekani maabara ya taifa ya nishati jadidifu ilisaidia kutengeneza mfumo wa mtandaoni uitwao SolarAPP+. Ulizinduliwa rasmi kwa miji mwaka 2021, na sasa unapokea maombi yenye betri pia. Fundi hujaza aina ya vifaa, ukubwa wa nyaya na mahali betri itakapokaa. Mfumo hulinganisha na kanuni, na ikiwa kila kitu kiko sawa kibali hutoka papo hapo. Mkaguzi huenda baadaye kuangalia kazi yenyewe, na hapo ndipo muda wake una faida.

Lakini mfumo hauwezi kulinganisha na kanuni ambayo haipo. Chama chenu cha mafundi kikiweza kupeleka rasimu ya masharti kwenye halmashauri, kazi itakwenda haraka zaidi kuliko mkisubiri. Mfano wa kuanzia ni NFPA 855, kanuni ya Marekani ya mitambo ya kuhifadhi umeme, ambayo toleo lake la kwanza ni la 2020. Toleo hilo liliweka kilowati saa 20 kuwa ukomo wa betri moja ya nyumbani, na jumla ya 80 kwa zile zilizofungwa kwenye gereji au ukuta wa nje. Chumba cha kulala hakiruhusiwi. Ukiwa na kurasa mbili za aina hiyo zilizopitishwa, idara mbili kati ya zile tatu hazitakuwa na sababu ya kulishika faili lako.

Mimi ni mweka hazina wa mji mdogo. Madiwani wanataka betri kwa ajili ya zahanati na pampu za maji. Kuna mtu ametuahidi betri zilizotumika kwenye magari, kwa bei ya chini. Je, betri inaweza kujilipa yenyewe, au ni mzigo?

Inategemea mnalipiaje umeme. Tazama bili kubwa za halmashauri, za pampu hasa. Mara nyingi zina sehemu mbili: kilowati saa mlizotumia, na kilele, yaani kiwango cha juu kabisa mlichovuta kwa wakati mmoja ndani ya mwezi. Pampu nne zikiwashwa pamoja kwa robo saa, mwezi mzima mnalipia robo saa hiyo. Betri ikibeba sehemu ya mzigo kwa dakika hizo, bili inashuka ingawa maji mliyosukuma ni yaleyale.

Mji mdogo wa Sterling, Massachusetts, wenye shirika lake la umeme, uliweka betri ya megawati 2 Desemba 2016. Lengo lililotajwa mbele ya watu lilikuwa kukilinda kituo cha polisi na mawasiliano ya dharura umeme ukikatika. Lakini siku za kawaida betri hiyo ilifanya kazi ya kukata kilele ambacho mji ulitozwa na gridi ya eneo, na mwaka wa kwanza ikaokoa takribani dola 400,000. Walisaidiwa na ruzuku ya jimbo kununua mtambo, hilo nalo nilitaje ili usiwaahidi madiwani wako makubwa.

Kwa hiyo usiiwekee betri hesabu ya dharura peke yake. Betri inayongoja umeme ukatike ni mali iliyolala. Ipangiwe kazi ya kila siku, na kiasi fulani cha chaji kibaki kila wakati kwa ajili ya zahanati. Kiasi hicho kiandikwe kwenye mkataba, kisiachwe kwa busara ya mwendeshaji. Na kabla ya kutangaza zabuni, omba takwimu za mita za miezi kumi na miwili, zile za kila robo saa. Mhandisi atakayekupa ukubwa wa betri bila kuziona anabahatisha.

Betri zilizotumika zinaweza kufaa. Uwanja wa Johan Cruijff ArenA, Amsterdam, ulizindua mwaka 2018 hifadhi ya megawati 3 iliyoundwa kwa betri za magari sawa na za magari 148, mpya zikichanganywa na zilizotumika. Ila pale walikuwepo watengenezaji wenyewe waliozijua betri zao. Mtu anayekuuzia mzigo uliochanganyika, usio na historia ya kila pakiti wala kipimo cha uwezo uliobaki, mkatalie. Kwa zahanati, ningenunua mpya.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Kwa nini kila mtu anazungumzia lithiamu tu? Hakuna njia nyingine ambazo jiji linaweza kutumia?

Zipo, mwanangu, na nimefurahi umeuliza, kwa sababu baadhi zinafaa miji kuliko betri. Cape Town inamiliki mtambo wa Steenbras tangu 1979, wa megawati 180. Maji hupandishwa kwenye bwawa la juu umeme ukiwa mwingi, kisha huachiwa yashuke kupitia mitambo jioni. Mgao wa umeme ulipozidi Afrika Kusini, mara nyingi wateja wa jiji hilo walipunguziwa makali kwa sababu ya maji hayo. Njia hii hurudisha takribani asilimia 70 hadi 80 ya umeme ulioingia na hudumu miongo mingi, ila inataka mlima, maji na subira.

Miji ya baridi ina njia nyingine: kuhifadhi joto. Berlin ina tangi la maji moto kwenye kituo cha Reuter West, lenye kimo cha mita 45 na ujazo wa lita milioni 56. Umeme wa upepo ukizidi, hugeuzwa joto na kuhifadhiwa humo, kisha joto hupelekwa majumbani kwa mabomba. Helsinki imejaza maji mapango ya chini ya ardhi ya Mustikkamaa, yaliyokuwa yakihifadhi mafuta. Kuhifadhi joto kwa wingi ni rahisi kuliko kuhifadhi umeme, na kama mwisho wa yote mtu anataka chumba chenye joto, hakuna sababu ya kupitia lithiamu. Angalia pia umiliki: mwaka 2024 Berlin iliununua mtandao wake wa joto kutoka kwa Vattenfall, kampuni ya umeme inayomilikiwa na serikali ya Sweden. Jiji linalomiliki mabomba linaamua lenyewe lini lihifadhi.

Jambo hilohilo linawezekana penye joto, kwa kugandisha barafu wakati umeme ni mwingi na kuitumia kupooza majengo baadaye. Ukitafuta mada ya utafiti, anzia hapo: jiji linatumia umeme kwa kazi gani jioni, na ni kazi ipi kati ya hizo ingeweza kufanywa mchana?

Naishi ghorofa ya tano, nimepanga. Sina paa, sina gereji. Sera zote hizi zinanihusu nini?

Zinakuhusu kwenye bili. Ruzuku za betri za nyumbani mara nyingi huishia kwa mwenye nyumba mwenye paa, na fedha ni za walipa kodi wote, wewe ukiwemo. Sioni haki hapo, na nimelisema hili mbele ya zaidi ya kamati moja.

Njia mbili zinakugusa. Ya kwanza ni betri ya mtaa. Fitzroy North, ndani ya Melbourne, walizindua ya namna hiyo mwaka 2022, yenye kilowati saa 284. Inakaa pembeni ya barabara na kuchukua umeme wa ziada wa mapaa ya jirani. Baada ya hapo serikali ya Australia ilianzisha mpango wa kuweka betri za mitaa 400. Jiji linaweza kutoa kipande cha ardhi, kama kona ya maegesho au ubavu wa maktaba, na badala ya kodi ya pango likadai wapangaji wa eneo hilo wapate punguzo kwenye bili. Kipengele cha punguzo kisipoandikwa, faida yote itabaki kwa mwendeshaji.

Ya pili ni bei inayobadilika kwa saa. Umeme wa mchana ukiuzwa nafuu, wewe usiye na betri unaweza kufua, kupiga pasi au kuchaji pikipiki ya umeme mchana, mradi mita yako inasoma kwa saa. Muulize mwenye nyumba wako mita ni ya aina gani na nani anaingia mkataba na shirika la umeme. Kwenye majengo mengi ni yeye, naye huwatoza wapangaji bei moja saa zote. Halmashauri inaweza kuweka sharti kwamba jengo lolote linalopewa kibali cha betri liwape wapangaji mita zao wenyewe. Diwani wako akiandaa kanuni, mpelekee sharti hilo kwa maandishi kabla rasimu haijafika barazani.